Koko Ameinama

Nilimnyakua mtoto wa watu mchana kweupe, mbele ya mama yake, mbele ya gide aliyekuwa anatutembeza, na mbele ya simu zote zilizokuwa tayari zimeinuliwa kupiga picha ya ua. Nikamvuta juu kwa mkono, nikamtupa mabegani kwangu, nikasimama wima kama mlingoti wa bendera ya shule, kitambi mbele, nikapayuka: "Musiiname! Mutu yeyote asiiname!"

Ilikuwa Jumamosi, kwenye vilima vya upande wa barabara ya Sake, juu ya mji wetu wa Goma, katika majuma yale ambayo njia zilikuwa zimetulia kidogo na watu wamechoka kukaa ndani wakingoja habari mbaya. Kijana mmoja mwenye darubini shingoni na sauti ya upole alikuwa anatutembeza, akituonyesha mimea na ndege. Mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuchekesha kundi zima kwa kuhema kama lori la viazi linalopanda mlima. Ndipo tukafika kwenye kishimo kati ya mawe meusi ya volkano. Gide akanyoosha kidole kwenye ua dogo la zambarau lililoota huko chini ndani ya ufa, akasema neno lake la kazi: "Inameni, muone." Wote wakainama. Mtoto mmoja mdogo, wa umri wa chekechea, akateremka kabisa hadi ndani, akachuchumaa mpaka makalio yakagusa jiwe. Hapo ndipo akili yangu ilipozimika.

"Weye papa!" mama yake akalia. Alikuwa mama wa mtaa wa Himbi, nadhifu, miwani ya jua juu ya nywele. "Unanipelekea mutoto wapi?"

"Kuko nyoka?" gide akauliza, huku akirudi nyuma.

Laiti angekuwepo nyoka. Ningetoka pale na heshima yangu. Lakini kishimo chenyewe, niliambiwa, kilichimbwa na watu wanaouza mawe ya kujengea, na kilikuwa na upepo wa kutosha kukausha nguo. Aliyefurahi ni mtoto peke yake. Alinishika masikio kama usukani wa pikipiki, akaniamuru: "Twende!"

Mimi ni mtu wa vipuri vya pikipiki. Biashara hiyo imenifikisha Kampala, Dubai, Guangzhou, na mara moja, kwa kukosea hesabu za majira, Brussels ndani ya theluji nikiwa nimevaa kandambili. Nimeaibika katika lugha nyingi. Lakini aibu ya nyumbani ina ladha yake. Nikamshusha mtoto, nikaomba msamaha, na kwa kuwa yule mama aliendelea kunikodolea macho kama polisi, nikamweleza wakati tunateremka. Nawaeleza na ninyi.

Nilipokuwa mtoto nilifundishwa amri kumi na moja. Kumi zilitoka kwa padri. Ya kumi na moja ilikuwa ya Koko, yaani bibi yangu, mama yake Papa, baba yangu, nayo ilisema hivi: ukiwa ndani ya shimo la mawe meusi, usiiname. Zile kumi nimezivunja kwa zamu. Ya Koko, hadi leo, sijaivunja.

Tulikaa pembeni ya mji, mahali ambapo siku hizi ni mtaa wenye makanisa mengi kuliko mabomba ya maji. Wakati huo palikuwa mashamba ya maharage, udongo mwembamba kama blanketi la maskini juu ya mawe ya moto wa zamani. Mlima Nyiragongo ulikuwa nyuma yetu kama jirani mkorofi, kutwa anavuta sigara. Na kati ya mashamba kulikuwa na mashimo, vibonde tu, ambamo asubuhi ungekuta panya amekufa, au ndege, au mbuzi wa mtu, bila jeraha, macho yamefumba kama amelala. Sisi watu wa Goma kitu hicho tunakiita mazuku. Neno hilo kila mtu alilijua. Maana yake ndiyo kila nyumba ilikuwa na yake.

Maana ya nyumbani kwetu aliishika Koko.

"Mule ndani muko wenyewe," alikuwa akisema. "Batu ba zamani. Moto ulibafunika bakiwa bamekaa. Habana ubaya, hapana. Lakini bamekaa sana peke yao. Ukiinama, banafikiri unabasalimia. Banakuitikia. Na maiti akikuitikia, utakaa umusikilize mpaka amalize, na yeye hana haraka."

Basi tulipita wima. Ukiangusha kiazi, kibaki. Ukiangusha kiatu, rudi nyumbani na kimoja, upigwe, uwe hai. Watoto wadogo walibebwa mabegani. Mbwa alifukuzwa arudi nyumbani. Koko alitangulia na ukuni mrefu unaowaka kwenye ncha, akiushusha karibu na miguu yake. Moto ukizimika wenyewe, bila upepo, alisema: "Bako ndani," akageuka, na sisi nyuma yake tukageuka, tukazunguka njia ndefu bila kuuliza.

Sasa, kazi ya Papa ilikuwa kuinamisha watu.

Papa alikuwa gide wa mlimani. Niseme ukweli, kwa miaka mingi alikuwa mbeba mizigo ya magide, lakini moyoni alikuwa gide tangu kuzaliwa. Wageni walikuja kutazama moto wa kileleni. Papa aliamini kwamba wanavikanyaga vitu vilivyo bora kuliko moto: vijimea vya kijivu kama mvi, ambavyo ndivyo vya kwanza kurudi juu ya jiwe lililoungua, kangaga zinazojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, vyura wasiozidi ukucha, na rafiki yake mkuu, kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye majirani walimwogopa kuliko mtoza kodi. "Inameni, muone," aliwaambia wageni, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha moja aliyodai ni Kijerumani.

Mwaka ule ilitengenezwa njia mpya ya miguu, ya kutembeza wageni polepole miongoni mwa mawe na miti midogo, si kwa ajili ya moto bali kwa ajili ya mimea na ndege tu. Njia ya kuinama, alisema Papa, macho yakimng'aa. Mkubwa wa magide alikuwa aje Jumatatu kuitembea pamoja naye na kuamua kama atapewa yeye. Kwa hiyo Jumapili, siku moja kabla, baada ya misa ya kwanza, Papa alitugeuza sisi kuwa wageni ili afanye mazoezi.

Mimi nilikuwa daktari wa Ubelgiji. Mdogo wangu Dieumerci, tuliyemwita Merci, mtoto wa miaka minne, alikuwa mtoto wa daktari. Koko alikuwa Madame.

"Madame hatainama," Koko akatangaza tukiwa bado uani. "Madame ataletewa ua hapa juu."

"Mama, mugeni hawezi kusema vile."

"Huyu mugeni ameshasema."

Papa alikuwa na ujanja wake wa kazi, na lazima niueleze, kwa sababu ndio uliotaka kutuua. Kinyonga ukimtafuta kwa haraka humwoni. Papa alimkamata mapema, akamweka ndani ya kofia yake. Njiani alitangulia mbele ya wageni, akamweka kwenye tawi zuri, kisha akapiga mluzi kuwaita, akajifanya kushtuka kumwona. Wageni nao hushtuka, na furaha ya wageni ndiyo sifa ya gide. Kwa hiyo tulifundishwa pia kushtuka. "Mukimuona, mupige kelele," Papa alisema. "Kelele ya nguvu. Muite jina yangu. Mukubwa asikie batu banafurahi." Tulifanya mazoezi ya kelele pale uani mpaka jirani akaja mbio na panga.

Asubuhi hiyo haikuwa na upepo. Wingu lilikuwa limeketi juu ya mawe, limenyamaza. Koko alisimama mlangoni na ukuni wake unaofuka, akatazama majani ya mgomba. Hakuna jani lililotikisika.

"Hapana upepo," akasema. "Siku ya hivi bako ndani bote. Tungoje jua lipande."

"Mama, ndege banaimba asubuhi. Nikingoja jua nitaonyesha bageni mawe matupu."

"Onyesha mawe."

"Mama!"

"Haya, twende. Lakini kwa juu."

"Kwa juu, mama. Njia inapita kwa mdomo wa shimo. Haiingii ndani."

Nimeyapima maneno yale kwa miaka yote hii, katika hoteli za kila aina, na bado sioni mwenye makosa. Papa alisema kweli kuhusu ndege. Koko alisema kweli kuhusu upepo. Mlima haukuwauliza wakubaliane.

Tukapanda. Koko alikuwa amejitwisha ukanda wake mrefu wa kubebea kuni, ule ambao wanawake wetu huupitisha kwenye paji la uso na kuuacha mzigo ulale mgongoni, kwa sababu hakuona maana ya kupanda mlima na kurudi mikono mitupu, awe Madame asiwe Madame. Papa alituonyesha kila kitu. Alisimama kando ya kila ufa, mkono mmoja mgongoni, kama alivyoona wakubwa wakisimama. "Inameni, muone." Mimi niliinama kidaktari, kidole kidevuni. Koko aliangalia angani. Na Merci alichuchumaa mpaka chini kabisa, pua karibu na jiwe, akahema juu ya kila kijimea kama anayepuliza uji. Papa alisema wazi kwamba mgeni bora kuliko wote ni huyo.

Tulipofika kwenye mdomo wa lile shimo, Papa akasimama. Lilikuwa bonde dogo, upana wa darasa, kina cha mtu mzima na nusu, chini yake tambarare. "Mungoje hapa," akasema. "Naenda kumuweka. Nikipiga mluzi, mukuye." Akapotea juu kati ya miti, kofia mkononi, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

Koko akakaa kwenye jiwe kufunga upya ukanda wake. Mimi, nikiwa bado daktari, nikamweleza kwamba tumbo lake lina umri wa kutosha kustaafu. Alicheka. Koko alicheka kwa mabega, bila sauti, na kumchekesha ilikuwa kazi, kwa hiyo nilimtazama yeye tu.

"Koko, njoo uone," Merci akasema. "Amelala."

Sauti ilitoka chini.

Alikuwa ameteremka mpaka katikati ya bonde. Mbele yake kulikuwa na ndege, mmoja wa wale wadogo wa kijani kinachong'aa wanaonyonya maua, amekunja mabawa vizuri. Na Merci alikuwa amefanya kama alivyofundishwa. Alikuwa amechuchumaa mpaka chini. Akatugeuzia uso, akapiga miayo mirefu, akakaa, kisha akajilaza ubavu kando ya yule ndege kama mtoto anayelala kanisani.

"Merci!" nikaita. "Merci, simama!"

Hakusimama.

Koko hakupiga kelele. Aliinuka, akaushusha ukuni wake ndani ya shimo. Ulipofika usawa wa magoti ya mtu aliyesimama kule chini, moto ulizimika, papo hapo, kama kuna aliyeupuliza. Moshi wake haukupanda. Ulijitandaza pale pale, ukawa sakafu nyeupe, nyembamba, na mdogo wangu alikuwa chini ya sakafu hiyo.

"Janvier," Koko akasema. "Panda jiwe hili. Simama."

Nikapanda. Akanitia ncha ya ukanda mkononi, akauzungusha kwenye kiganja changu.

"Nikiinua mukono, vuta. Usitelemuke. Usiiname. Hata mimi nikilala mule, weye usimame. Umesikia?"

"Ndiyo, Koko."

"Sema tena."

"Hata ukilala, nisimame."

Akavuta pumzi ndefu, akafumba mdomo, akashuka.

Alitembea wima kabisa, kama mwanamke mwenye mtungi kichwani, ncha ya pili ya ukanda mkononi. Alipofika kwa Merci alijaribu kumnasa kwa ule ukuni, akitia ncha yake ndani ya kola ya shati. Akavuta. Shati likachanika. Akajaribu tena kwa mguu, akimsukuma ageuke. Mkono wa Merci ulianguka upande wa pili kama kitu kisicho na mwenyewe. Koko akasimama hapo, kifua kimejaa pumzi, akamtazama. Sijui kwa muda gani. Mimi nilikuwa naomba, lakini maneno yote niliyoyajua yalikuwa ya kabla ya chakula.

Kisha akainama.

Sijawahi tena kuona kitu kinachonitisha kama kile. Mimi nilikuwa mtoto mfupi na yeye hakuwahi kuinama mbele yangu mlimani. Nilikuwa sijawahi kuuona utosi wake. Niliuona sasa, kitambaa cha bluu, fundo limekaa kidogo upande, ukizama ndani ya ile sakafu ya moshi.

Alimpitishia ukanda chini ya makwapa, akamfunga kama anavyofunga kuni, haraka, bila kuangalia. Akajaribu kunyanyuka. Goti moja likakataa. Akainua mkono.

Nikavuta. Nilivuta nikiwa wima, mgongo umenyooka, na mtu akitaka kujua kama mtoto wa miaka tisa anaweza kuvuta mzigo wa namna hiyo akiwa wima, anaweza. Merci alikuja juu ya mawe makali, uso chini. Nyusi yake ilichanika. Nikaona damu, nikaifurahia, kwa sababu ilikuwa kitu pekee kilichotembea mwilini mwake. Nikamfikisha miguuni pangu. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Nikampiga mgongoni kwa kisigino cha mguu wangu, kwa kuwa sikuthubutu kuinama hata pale juu, mpaka akakohoa, akatapika, akavuta hewa kwa kilio kidogo chembamba.

Nikatazama chini. Koko alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye jiwe, kama anayefua nguo. Kisha kichwa chake kikashuka taratibu, paji la uso likagusa chini. Alikuwa amewasalimia kabisa.

"Papa!" nikapiga kelele. "Papa eee! Papa!"

Kutoka juu, nyuma ya miti, ikaja sauti ya baba yangu, imejaa furaha.

"Vizuri! Vizuri kabisa! Lakini sijapiga mluzi bado!"

"Papa, kuya! Papa!"

"Ongeza nguvu! Na Koko apige pia!"

Nimeisimulia sehemu hii katika baa na viwanja vya ndege, na watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke kwa sababu ndiyo kazi yangu mezani. Lakini hebu simama kidogo juu ya jiwe langu. Ndugu yako amelala juu ya miguu yako. Bibi yako yuko shimoni, haongei. Na kila kilio unachokitoa, baba yako anakipokea kama zawadi.

"Koko amelala!" nikalia. "Papa, Koko amelala!"

"Muamushe! Mukubwa hatapenda kuona bageni banalala!"

Niliteremsha mguu mmoja. Jiwe la chini lilikuwa la baridi. Niliuona mgongo wa Koko karibu sana, hatua ambazo ningeweza kuziruka, na mwili wangu wote ulikuwa tayari umeamua. Ila ukanda ulikuwa bado umezungushwa kwenye kiganja changu kama alivyouzungusha yeye, na nikasikia, wazi kama mtu yuko sikioni: hata mimi nikilala, weye usimame. Nikaurudisha mguu. Nilisimama. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, na katika kulia huko likanitoka neno ambalo hakuna mgeni yeyote wa Ubelgiji angeweza kulisema.

"Papa! Koko ameinama!"

Mara nikasikia mawe yakiporomoka na matawi yakivunjika. Papa alitokea bila kofia, bila kiatu kimoja. Kinyonga alikuwa amejishika kwenye kola yake. Alitazama ndani, akavuta pumzi, akaingia mbio. Alimkamata Koko chini ya makwapa, akamburuta kidogo, akamwachia, akatoka akiyumba, akavuta hewa kwa mlio, akarudi. Safari nyingine tena. Kila alipotoka mikono mitupu aliniangalia kama mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mtoto. Mwishowe alitoka naye.

Tukamlaza juu ya jiwe la juu kabisa, ambako kulikuwa na pumzi ya hewa kidogo. Papa alimpiga mashavu, akamwita mama, mama, mama, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na taa. Kinyonga aliyekuwa begani kwake aligeuza jicho moja kwa Koko na jingine kwa mlima. Ndipo Koko akavuta hewa, kwa sauti ya mlango wa zamani, akanyamaza, akavuta tena.

Papa alimbeba kwa ukanda ule ule. Aliupitisha kwenye paji la uso wake, kama wanawake, Koko mgongoni. Kwetu mwanamume habebi hivyo. Mwanamume akionekana barabarani na ukanda kwenye paji la uso, jina lake linakuwa wimbo. Watu walimwona, walitoka mashambani kumtazama, na hakuna aliyecheka. Mimi nilimbeba Merci mabegani. Tulipofika barabarani, mtu mmoja mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, alimwaga kabichi zake zote chini bila kuombwa, tukamlaza Koko juu yake, na wanaume wakaisukuma mbio hadi dispansere, yaani zahanati, ya masista.

Merci alizinduka jioni ile, akamdai yule ndege. Kovu la nyusi analo mpaka leo. Ni kinyozi huko Murara, na wateja wake wanaamini alikwaruzwa na chui, na mimi sijawahi kumharibia biashara. Papa alimchukua mkubwa wa magide kesho yake kama walivyopatana, ila alingoja jua lipande na upepo uamke, akampitisha mbali na shimo. Ndege walikuwa wamekwisha kuimba. Njia ile hakupewa. Aliendelea kubeba mizigo, na siku alizobahatika kuinamisha watu, alitangulia na ukuni unaowaka, na wageni walipouliza ni wa nini, alisema ni wa kuwashia sigara, naye havuti.

Koko alirudi nyumbani, lakini mikono yake ilitetemeka na haikuweza tena kushika ukuni. Alifariki maharage yalipoanza kukauka.

Miaka mingi baadaye, kwenye ndege, nilikaa na bwana mmoja anayesomea milima ya moto. Alinieleza kwa upole kwamba kuna hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, hukaa mashimoni kama maji kwenye beseni, hasa asubuhi isiyo na upepo. Mtu mzima aliyesimama kichwa chake kinapita juu yake. Mtoto, mbwa, na aliyeinama, wanazama. "Ndiyo," nikamwambia, "ni wale wale." Sibishani tena kama ni hewa au wafu. Wanakaa nyumba moja na tabia zao zinafanana.

Kilichonisumbua si hicho. Aliyetunga sheria ndiye aliyeivunja, akiwa na akili zake, akijua vizuri kuliko wote. Nimejitengenezea majibu mengi. Huko Guangzhou niliwahi kuwaambia watu mezani kwamba Koko hakuwainamia wafu, alimwinamia mtoto, na mama mmoja akalia mpaka kwenye bakuli la supu. Maneno mazuri. Ni yangu, si yake.

Tulikuwa tumefika barabarani, mimi na yule mama wa Himbi. Hakuwa ananikodolea tena. Alikuwa amemshika mwanawe mkono kwa nguvu, na mtoto analalamika kwamba anataka kurudi juu ya masikio yangu.

"Lakini alijua," yule mama akasema. "Si ni yeye alibakataza? Sasa aliinama kwa nini?"

Lilikuwa swali langu lenyewe. Nilimuuliza Koko mwenyewe, kabla hajafa, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye jua, mimi namlisha uji kwa sababu ya mikono yake. Nilitaka jibu kubwa. Nilitaka aniambie habari za wenyewe, walimwitikia nini, walimwachia kwa sharti gani.

Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi aliyeingia kanisani. Akaushusha mkono wake, ukitetemeka, akaulaza kwenye paja, akanionyesha pale vidole vinapofikia.

"Mikono yangu inaishia hapa," akasema. "Mutoto alikuwa chini."